Ufunguo wa Nyumba ya Zillah

Ufunguo ni wa chuma, mzito kama upawa.
Kila Jumamosi saa nne nafungua mlango:
pauni mbili kichwa, watoto bure.
Inamisheni vichwa, nawaambia, kizingiti cha juu ni kifupi;
bwana mmoja wa Leeds alijigonga hapa akashonwa nyuzi tatu.

Wakishainuka, wote huuliza jambo moja.
Alikuwa nani?
Wanamtaka yule mwingine: kasisi kijana mwenye kikohozi,
nahodha aliyezama, binamu aliyekatazwa.
Mashairi arobaini na moja ya kuunguza vidole,
na mume mmoja tu, Enoch Barraclough, mpima sufu,
mwenye upara na kigugumizi,
aliyelala mapema na kuamka kabla ya jogoo.
Wanaitazama picha yake juu ya meko.
Haiwezekani, wanasema. Si huyu.

Nami nilisema hivyohivyo, miaka na miaka.
Nilikuwa msichana wa kiwandani, kitabu nimekificha
chini ya kikapu cha bobini, na ubeti huu
ukinifanya nisisikie kelele za mashine:

    Usiwashe taa yako, giza lakujua jina,
    baridi mguu wako, wangu ni jiko la jana;
    neno lisitoke, liko, mkononi naliona,
    nipime, mizani yako haijawahi kunena.

Wasomi wameandika kwamba mizani ni ya Mungu,
kwamba Zillah aliogopa hukumu ya zinaa.
Mizani! Nyumba ambayo mume alirudi kila jioni
na nyuzi za sufu kwenye nyusi.

Mwezi wa pili paa lilivuja, tukahamisha masanduku.
Ndani ya daftari la matumizi, kwa mwandiko wake mwembamba:
*Sabuni. Ini la ng'ombe. Mishumaa.
Sufu ya kijivu, soksi za E. Miguu yake haipati moto kamwe.*
Tarehe ni ileile iliyo chini ya ubeti.
Niliketi kwenye ngazi, ndoo ikidondokewa kando yangu,
nikashindwa kuinuka.

Dakta Thackwray alikuja na miwani yake miwili.
Akasoma, akafunga daftari taratibu.
Ushahidi dhaifu, alisema. Soksi si mapenzi.

Huenda. Mimi ni shahidi mbaya, na ninajua kwa nini.
Clifford wangu alitengeneza maboila ya watu mji mzima
na sikumbuki aliniambia nini siku ya harusi.
Lakini saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu yangu,
alikuwa nje na pajama ndani ya koti
akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Miaka thelathini na moja.
Nilikuwa nikiona mvuke wa pumzi yake dirishani
na kusema moyoni: majira ya baridi.
Sikuandika hata mstari.
Sasa natafuta mwanamke aliyefu aniandikie.

Zillah alizika watoto wanne, wa tano akamzika yeye.
Enoch akabaki miaka ishirini na sita.
Siku waliposoma mashairi yake kanisani, kwa sauti,
alisimama katikati ya shairi la pili akatoka,
na mji ukasema: aibu imemkata.
Hakuna aliyemfuata nje kumwuliza.
Nani angesubiri sentensi yake iishe?

Ila nakukasirikia pia, Zillah.
Herufi moja, E., karibu na ini la ng'ombe!
Ungeliandika jina lote mara moja
pale penye moto, watu wakalisoma.
Au ulijua lingemkwama kooni
kila ambapo wangemtaka alitamke?

Jumamosi iliyopita msichana mwenye nywele za kijani
aliuliza: kwa hiyo alikuwa nani?
Nikamwonyesha picha.
Akacheka. Nikamwacha acheke amalize.
Halafu akasogea karibu na meko, akaitazama tena,
mikono mfukoni, muda mrefu kuliko wote.

Nilifunga saa kumi. Ufunguo huu
hauanzi kupata joto mpaka nifike darajani.