Kilo Nne za Korosho

Mnada wa pili ulipopita, pesa ikaingia kwenye simu,
nikamwambia mama: leo hatupiki.
Akauliza nani amekufa.

Shangani, nyuma ya duka la vipuri,
Dismas Nandonde amepanga meza sita, viti vya plastiki.
Ukutani kachora jua, kofia pana kama ungo,
na mti wa miiba umeinua mikono
kama mtu aliyekutwa na askari.
Mama akagoma mlangoni, khanga kaikaza:
“Minyaa hiyo. Minyaa hupandwa makaburini.
Umenileta kula kwenye kaburi la nani?”

Nikamweleza: chakula cha Meksiko.
Dismas alipika kwenye meli ya watafuta gesi.
Jikoni alikuwamo mzee wa huko, Don Eusebio,
akamfundisha kukanda, kukunja, na kutukana kwa Kihispania.
Meli ikaondoka. Mapishi yakabaki Mtwara.

“Nao hulima korosho?”
“Sijui, mama.”
“Hujui, na vyakula vyao unakula.”

Ubaoni Dismas aliandika *tako*;
wateja wakacheka wiki nzima,
akaongeza herufi: *taako*.
Mama akasoma, akanitazama, akasoma tena,
akahamia upande wa bei, kwenye heshima zaidi.
Tatu kwa elfu kumi na mbili.
Midomo ikahesabu. “Kilo nne.”
Soda? “Robo kilo na ushee.”
Kila kilichokuwa mezani kikapanda mizani ya ghala,
isipokuwa leso za karatasi, zilizokuwa bure.
Mbili zikaingia kwenye pochi.

Sahani ikaja.
Akafunua kile kichapati kama anayefunua kidonda cha mtoto:
pweza wa kuchoma, maharage yaliyopondwa,
parachichi, nyanya, ndimu pembeni.
Kimya.
Kisha, taratibu, kama shahidi mbele ya hakimu:
“Mahindi haya. Maharage haya. Pilipili hii.
Hiki si chakula chao.
Hili ni shamba langu la Nanyamba
limefungwa kwenye khanga ya mtu mwingine.”

Shuleni nilisoma kwamba mahindi, maharage, pilipili,
hata ule mkorosho wa babu yake anaouapia,
asili yake ni upande ule wa dunia.
Sikusema. Kuna kweli
ambazo mtu hamwambii mama yake akiwa na njaa.

Akala. Mchuzi ukamshuka hadi kiwikoni,
akafurahi hakuna aliyemletea uma.
Kwenye la pili akasita: “Pilipili yake imelala.”
Akafungua pindo la khanga:
ufunguo, noti ya elfu mbili,
pilipili kichaa sita, nyekundu, zimenyauka.
“Wewe wa minyaa! Hebu njoo.”

Dismas akatafuna moja nzima, kwa kiburi cha watu wa meli.
Akanyamaza. Jasho likamtoka kwenye kope.
Akasema neno la Kihispania
ambalo Don Eusebio bila shaka
hakuwahi kulisema mbele ya mama yake.
Akaketi nasi, aproni na yote.
Akaomba maji. Akaomba nyingine.

Hapo mimi nikasahaulika.
Alisema huchemsha mahindi na chokaa, ganda livuke.
“Chokaa ya ukuta? Mahindi ni majivu, baba,
na majivu yenyewe si ya kila mti.”
Wakabishana hadi taa zikawashwa,
soda yangu ikapoa, kwa maana ya kupata joto.

Akakataa pesa yetu. Mama akakataa kukataa kwake:
“Mkono mtupu haulambwi.”
Akahesabu noti moja moja, kwa sauti, kwa kilo.

Mwezi wa nne akanipigia.
Hakuuliza afya, hakuuliza kodi.
“Mwambie yule wa minyaa
nimempandia mistari minne ya mahindi meupe,
kule pembeni, karibu na kaburi la baba yako.
Yamekomaa.
Aje mwenyewe, na gunia.”