Jino

Miaka kumi nilimlinda Tokuji.
Niliificha chupa ya soya nyuma ya gunia la mchele,
nikahesabu vipisi vya sigara kwenye kopo la nje,
na theluji ya Rumoi iliposhuka usiku kucha
nilimnyang'anya koleo: Acha. Wenye umri wako
huangukia mlangoni, mpini mkononi.
Baba yake alikwenda hivyo. Kaka yake pia.
Katika nyumba yetu moyo ulikuwa jambo la wanaume,
kama ndevu.

Kwa hiyo koleo nikalishika mimi.

Taya ndilo lililoanza. Upande wa kushoto,
maumivu ya kuvuta, kama uzi wa cherehani uliokazwa mno.
Nikasema: jino. Usiku nikatapika; nikasema: samaki.
Vidato vitano vya kwenda darini
vikanikalisha kitako; nikasema: uzee.
Kila jina nililitaja, isipokuwa lile.

Daktari wa meno, binti Kanbe, mikono baridi,
aligonga moja moja, yote ishirini na mawili.
"Haya mazima, mama."
Akaliona jasho shingoni mwangu,
akavua glavu, akapiga simu
nami sijafunga hata mdomo.

Hospitalini walinionyesha kwenye kioo cha mashine:
mshipa umebana, kijito kilichoganda kingoni.
Nami nilidhani ninaujua moyo!
Nimewapa watu, nimeupiga konde,
umenienda mbio, umenituma, umenikataza;
kumbe ni nyama, saizi ya ngumi yangu,
nayo hula.

Sasa kuna kibomba cha wavu ndani yangu
na vidonge vinne, kimoja cha kunipeleka msalani
basi likiwa mbali na kituo.
Jumanne natembea ndani ya duka kubwa,
kati ya mchele na sabuni, maana nje ni barafu:
mizunguko sita. Pumzi ikikatika nasimama,
nachukua pakiti, nasoma kiasi cha chumvi
kama msomi.

Supu anapika Tokuji. Anapima miso kwa kijiko cha chai,
ncha ya ulimi nje kwa umakini. Haina ladha.
Naimaliza.

Usiku anaweka kiganja juu ya mbavu zangu,
akidhani nimelala, anahesabu.
Jana alipotelea kwenye arobaini na kitu,
akaanza upya.