Kesho, Paisley

Nimepiga simu shuleni: projekta ipo?
"Ipo, ila hugoma mvua ikinyesha."
Paisley hii. Itanyesha.

Basi nimechapa picha kubwa za nguchiro wangu,
nikasoma ukurasa wa nne mbele ya kioo cha bafuni
mpaka ulimi ukaacha kujikwaa.
Chupa ya maji. Soksi kavu.
Na majibu: nina miaka hamsini na mmoja,
sina gari la maana,
ndiyo, nachora mwenyewe.

Mara ya mwisho, kule Greenock,
Eilidh, pengo mdomoni, hakuuliza lolote kati ya hayo.
"Mamake nguchiro, baada ya ukurasa wa sita,
alikwenda wapi?"

Swali hilo nimeliandikia kadi.
Nyuma yake bado peupe.
Naitia mfukoni hivyo hivyo.