Hatua Arobaini

Tuliondoka Jumamosi, giza halijapambazuka,
fuso la kukodi, washarika ishirini na sita,
makoleo mapya yenye bei bado imebandikwa,
na magunia matatu ya nguo
aliyoyapokea Mama Mchungaji bila kufungua.
Mbande hatukusimama. Kibaigwa tukanunua mikate.
Kwaya iliimba mpaka Mpwapwa;
baada ya Gulwe, barabara ikatunyamazisha.

Godegode reli ilikuwa inaning'inia hewani,
ngazi iliyonyang'anywa ukuta.
Ule mto ambao kiangazi
watoto huufukua kwa viganja wapate kikombe kimoja
ulikuwa umeingia usiku bila hodi,
ukalala vitandani mwa watu,
ukaondoka bila kutandika.

"Mbukwenyi," tukasema.
"Mbukwa," wakaitikia,
maana hata tope likifika kiunoni
salamu haidaiwi.

Sikumwambia mtu kazi yangu.
Mimi ni karani wa ardhi, huko mjini.
Miaka kumi na tisa nagonga muhuri
juu ya mistari iliyonyooka.
Pale nilikuwa besi wa kwaya, mwenye koleo,
na malengelenge kabla ya saa nne.

Nilipangiwa tembe la Sechelela.
Nusu ya paa ilikuwa chini, nusu inafikiria.
"Usitupe mbali," alisema kila nilipoinua koleo,
"tope hilo lina vitu vyangu."
Akalichambua kama mchele:
kijiko, betri, kandambili ya kushoto,
daftari la mjukuu lililovimba kama andazi.
Mbegu za uwele alizipata ndani ya chungu,
zimeshachipua, nyeupe, hazina pa kwenda.
Hakulia. Alicheka kidogo, kwa pua,
kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Mchana magunia yakafunguliwa.
Tai nne. Viatu virefu vya bibi harusi.
Joho jeusi la mahafali, na kofia yake.
Mama Mchungaji akatazama chini.
Lakini Ndahani, jirani wa Sechelela,
akalivaa joho, akaifunga kofia kwa kamba ya katani,
akarudi kuchimba choo,
na watoto wakamwita Profesa hadi jua linazama.

Ndipo mzozo ukaja, jioni, kwa sauti ya chini.
Uzio wa minyaa ulikuwa umeng'olewa wote.
Shamba la Profesa liliishia wapi?
La mama huyu lilianzia wapi?
Mwinjilisti Lechipya akasema tuombe.
Tukaomba. Nilifumba macho kwa nguvu,
nikaona ramani yangu, kabati la chuma, faili,
mto umechorwa kwa wino wa buluu
mahali ambapo sasa haupo.
Ulimi ulikuwa mzito kuliko koleo.

Baada ya amina, Sechelela akaenda nyuma ya tembe,
akapapasa kwa mguu, akainama, akafukua.
Jiwe la kusagia. La mama mkwe wake.
Maji yalibeba mbuzi, yakabeba reli,
jiwe hilo yakaliacha.
Akasimama juu yake, akaelekea machweo.
"Arobaini," alisema, "hatua zangu, si zako, wewe una miguu mirefu."
Ndahani akatembea kando yake, joho likiburuta tope,
wakihesabu pamoja kwa Kigogo,
na pale thelathini na moja wakapotea,
wakabishana, wakarudi jiweni, wakaanza tena.
Penye arobaini akachomeka fimbo.
Hakuna aliyeandika kitu.

Jumatatu nilikuwa kaunta, shati safi,
udongo wa Godegode bado chini ya kucha.
Akaja mtu wa Nkuhungu na mashtaka ya nusu mita,
ukuta, wakili, picha kwenye simu.
Nilishika kalamu.
Nikamuuliza kitu ambacho fomu haiulizi:
"Jirani yako anaitwa nani?"
Akafikiri muda mrefu sana.