Mabaki

Barua ya bima ina kurasa mbili na muhuri wa buluu.
"Gharama za matengenezo zimezidi thamani ya chombo."
Kwa hiyo pikipiki yangu, kwa kauli ya waliosoma,
imekufa,
ingawa jana nilipiga kiki mara moja tu
ikaunguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Chini kuna visanduku viwili vya kuweka alama.
Cha kwanza: kampuni ichukue mabaki, nilipwe milioni mbili kamili.
Cha pili: mabaki nibaki nayo,
wakate laki tatu na nusu.
Yaani maiti yangu mwenyewe, nikiitaka, niinunue.

Siku ya nne leo hapa Tabata, kalamu sikioni
kama karani asiye na ofisi.

Fundi Chaurembo alikuja Jumanne na uzi wake.
Akaufunga tairi la nyuma, akauvuta hadi la mbele,
akafumba jicho moja.
"Injini nzima. Ina miaka mitano mingine.
Fremu ndiyo imekwenda upande.
Ukitaka naipasha moto, naigonga, napaka rangi,
hata wewe hutajua.
Ila siku ukifika sabini, mteremko wa Kimara..."
Alimalizia kwa kiganja,
akakigeuza taratibu kama mtu anayegeuza chapati.

Nilitaka kusema: hata goti langu limepinda,
Fuso la mchanga lilitugonga sote wawili,
mbona Muhimbili hawakuniletea barua?
Stumai akaniwahi.
"Goti liliunga. Tena lilikuwa na mimi wa kulikanda.
Chuma hakina mke."
Akarudi kwenye mchele wake, akipembua.

Miaka sita imebeba mitungi ya gesi,
Segerea, Kisukuru, Barakuda,
inamjua mama asiyekuwa na chenji hata siku moja
na mbwa wa Kinyerezi anayechukia taa.
Tangi limelika rangi pande mbili, mahali pa magoti yangu.
Hilo halimo kwenye kurasa zao.

Lakini si mapenzi yanayonizuia.
Juzi nilikwenda Gerezani kuuliza bei ya taa,
nikapita yadi zinakouzwa za namna hii.
"Kufa kufaana, mzee," muuzaji akanichekea.
Kijana mmoja, ndevu bado hazijaamua,
alikuwa anaizunguka Boksa nyekundu inayong'aa,
anapuliza vumbi ambalo halikuwepo.
Pesa alishika mama yake,
kwenye bahasha ya kaki, ameikumbatia kwa mikono miwili.
Hakuna aliyekuja na uzi.

Nilipita. Sikusema kitu.
Pikipiki haikuwa yangu.

Usiku nikamweleza Stumai. Akanyamaza mpaka nikadhani kalala.
"Laki tatu na nusu," akasema, "kwa mtoto wa watu tusiowajua."
"Ndiyo."
"Na ile nyekundu uliyoiacha?"
Hapo sikuwa na jibu. Wala sina.

Asubuhi nimeweka alama kisanduku cha pili.
Wino uligoma; nikarudia, nikarudia,
karatasi ikatoboka.

Injini anaichukua Chaurembo,
kuna mtu wa mchicha bonde la Msimbazi anataka ya kusukumia maji.
Tairi, kioo, taa, kila kimoja kitapata wake.
Fremu tutaikata vipande, hapahapa uani, leo jioni.
Stumai ameuliza kama cheche zitafika kwenye kamba ya nguo.
Nimemwambia azianue.