Zima Friji Kwanza

Betri mbili ziko chini ya kitanda, upande wangu.
Anselmo anasema ni kwa ajili ya uzito, gari lisiegemee.
Mimi nasema ni kwa sababu upande wake pamejaa viatu vyake.
Basi nalala juu ya ampea mia mbili
kama kuku aliyeatamishwa mayai ya jirani.

Basi hili lilibeba watoto wa shule Comodoro miaka kumi na tisa.
Kuna jina, Yamila, limekwanguliwa kwa sarafu ukingoni mwa dirisha,
pale inapopenya sasa kebo nyeusi kwenda juu ya paa.

Antena ni fimbo ya kuvulia samaki, mita kumi,
waya umeizunguka hadi nchani.
Ameifunga kwenye ngazi ya nyuma kwa mikanda minne,
na bado upepo wa Santa Cruz umeipinda
ikawa kama mtu anayeinamia mlango mfupi.

Juzi alilala chali uvunguni mwa gari na msasa mkononi,
akakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa,
akakaza nati.
"Chasi nzima," akasema, "ndiyo ardhi yetu."
Nilicheka mpaka mate ikanimwagikia.
Miaka thelathini na moja tumelipa kodi ya nyumba za watu,
kumbe ardhi yetu ilikuwa hii,
ina magurudumu sita.

Waya wa kwanza alioununua ulikuwa mwembamba.
Alipobonyeza kuongea, taa zikafifia, redio ikajizima.
Akapima: betrini, volti kumi na tatu;
redioni, kumi na moja.
Mbili zimeliwa njiani,
ungedhani zilipitia ofisi ya serikali.
Akang'oa, akalaza waya mnene kama kidole,
na fyuzi akaiweka karibu na betri,
si karibu na redio.
"Ikiwa huku, moto utaanzia huko."
Huko ni kwangu. Nililishika neno hilo.

Jioni, kando ya ziwa Cardiel, akaiwasha.
Ikatoka sauti ya mafuta kwenye kikaango.
Akachomoa chaja ya simu. Mafuta.
Akazima taa. Akazima pampu ya maji.
"Zima friji."
"Na nyama?"
"Nje kuna baridi kuliko humo ndani."
Nikaitoa nyama, nikaitundika kwenye kioo cha dereva.
Mkwaruzo ukapungua, haukuisha.
Ulikuwa ni kile kisanduku cha sola ukutani:
kinapolishwa na jua, kinalia.
Kinachotujazia betri ndicho kinachotuziba masikio.
Tukangoja. Jua la kiangazi cha huku halina haraka,
saa tatu na nusu usiku lilikuwa bado linavuta shuka.

Mwisho akazima hita.

Giza, mablanketi mawili, pumzi zetu zikionekana.
Na redio ikanyamaza kama chumba ambamo mtu yumo.

Sauti ya mzee. Kiingereza cha polepole.
Ewart, alisema, herufi moja moja.
Aliposema yuko wapi, Anselmo aliondoa mkono kwenye kitufe.

Visiwa vile.
Alikuwa na miaka kumi na tisa walipompeleka,
redio mgongoni, soksi mbichi tangu Aprili hadi Juni.
Hanisimulii. Najua kwa jinsi anavyohesabu soksi
kila tunaposafiri.

Mzee akaita tena. Anselmo akabonyeza,
akatoa jina lake, kipimo cha mawimbi, hali ya hewa:
upepo wa magharibi, mkali.
Kimya kidogo.
"Ahaa," mzee akasema, "basi ni wenu.
Umeniangushia mlingoti alasiri."
Na Anselmo, kwa Kiingereza chake cha kambini,
akamwomba radhi kwa ajili ya upepo.

Waliongea mlingoti, kamba, aina ya nati zisizoshika kutu.
Mimi kwa kawaida ndiye mlinzi wa mita.
Ilishuka kumi na mbili na nusu, kumi na mbili na moja.
Sikusema kitu.
Nilijisogeza, nikaweka miguu yangu juu ya yake.

Asubuhi mfuko ulikuwa chini, umechanika.
Mbweha hakutuachia hata mfupa.