Nilifunga Mabomba

Daftari lina safu tatu:
Jina. Tatizo. Hatua iliyochukuliwa.
Na shingoni kitambulisho cha kamba ya kijani
kinachosema mimi ni Msaidizi Rika,
yaani, kama nilivyomweleza mama mwenye nyumba,
mtu aliyekwisha kupita humo
akarudi na ndala moja.

Leo ni Tandika, nyuma ya soko.
Kwa Bi Sikudhani, mlango wa uani.
Siku ya tisa Pazi hajatoka chumbani.
Fundi feni. Barazani feni nne
zimeachwa matumbo wazi, vumbi limeanza kuzizoea.

Mama yake ananipokea kwa kunong'ona
kama ndani kuna maiti, au mtoto mchanga.
"Wameshakuja wengi. Wa dua, wa kombe, wa sindano.
Wewe umekuja na nini?"
Nauli ya kurudia, nikataka kusema.
Nikavua viatu.

Nikakaa kizingitini. Simwambii jipe moyo.
Niliambiwa jipe moyo mimi, mwaka ule,
na kila aliyeniambia alikuwa na funguo mkononi,
tayari kuondoka.

Nikatoa kopo langu la siagi, nikalitikisa.
Cha asubuhi kimoja, vya usiku viwili.
Mlio ule si wa punje za mahindi
wala wa shanga. Anayeujua anaujua.
Kule ndani godoro likalia.

"Vinakunenepesha?"
"Kilo kumi na moja. Usiku wa manane nakula
kiporo cha ugali kwa chumvi, nimesimama."
"Na mikono?"
"Mwaka wa kwanza uzi haukuingia kwenye sindano.
Sasa nashona. Kola za mashati bado zinanipiga chenga."

Kimya.
Jirani anatwanga kisamvu, anapumzika, anatwanga.
Kisha akauliza lile ambalo daktari hakuliuliza,
wala kaka yangu aliyenifunga kwa kanga,
wala mganga wa Mbagala aliyeondoka na cherehani:
"Wewe zilikuwa zinakwambia nini?"

Miaka sita. Dozi zangu nazijua, tarehe nazijua,
nimesimulia maisha yangu semina nzima, nikapewa soda.
Maneno yenyewe hakuna aliyeyataka.

"Zilisema mji utazama. Kila tone lina hesabu.
Nikafunga mabomba. La kwetu, la jirani,
mtaa mzima. Nikaingia mpaka msikitini,
watu wamefika nusu ya udhu, nikafunga."
"Wakafanyaje?"
"Mmoja alinikimbiza, mguu mmoja umelowa, mmoja mkavu,
hajui arudi akamalize
au anifikie kwanza."

Akacheka.
Kama feni iliyolala mwaka ikapewa umeme:
mkwaruzo, vumbi, kimya, mkwaruzo tena.
Uani Bi Sikudhani aliangusha sufuria.

Nami nilicheka, lakini kwa jicho moja,
maana usiku wa jana bomba la nje lilikuwa linadondoka
nikalala macho, nikahesabu
mpaka mia mbili na nne.
Hilo nitamwambia Sista Mwamvita kesho asubuhi.
Ndivyo tulivyokubaliana, mimi na yeye,
kabla hajanivisha kamba ya kijani.

Mlango haukufunguka. Tusidanganyane.
Ilitoka sauti tu:
"Kesho usije. Kesho nitakuwa nimechoshwa na leo.
Njoo keshokutwa.
Kama una feni mbovu, njoo nayo."

Kwenye ngazi za duka la dawa nikafungua daftari.
Jina, nikaandika.
Tatizo, nikaruka.
Hatua iliyochukuliwa: kalamu ikasimama pale
muda wa muuza kahawa kupita, kugonga vikombe vyake, kupotea.
Nikaandika: Ameomba feni.

Kwangu sina feni.
Itabidi nipite mtaani, mlango kwa mlango,
kwa watu wale wale niliowafungia maji,
niwaombe waniazime
iliyoharibika.